Haki ya kwanza ya mtoto imo mikononi mwa hospitali

KILA mwaka, wiki ya kwanza ya mwezi Agosti inapowadia, akina mama wa Tanzania hukumbushwa wajibu wao wa kunyonyesha. Hotuba hutolewa katika viwanja vya hospitali na zahanati, kwaya huimba, ngonjera husomwa, na mgeni rasmi huwataka wanawake wawape watoto wao maziwa ya mama mara tu wanapozaliwa, wasiwape kitu kingine chochote kwa muda wa miezi sita, na waendelee kuwanyonyesha hadi watimize miaka miwili au zaidi. Akina mama hupiga makofi na vigelegele. Kisha turubai hukunjwa, viti hurudishwa vilikotoka, na kazi katika wodi ya wazazi huendelea kama ilivyokuwa jana yake.

Maneno yote yanayosemwa siku hiyo ni ya kweli. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba huelekezwa kwa mtu asiye na uwezo wa kuyatimiza peke yake. Mwanamke aliyetoka kujifungua, akiwa bado amelala katika chumba cha kujifungulia, amechoka, anasubiri kondo la nyuma litoke na pengine anasubiri kushonwa, si yeye apangaye ratiba ya chumba kile. Hajui mtoto wake amelazwa wapi, na aghalabu hadhani kwamba ana haki ya kuuliza. Saa ile ya kwanza, ambayo wataalamu wote wanakubaliana kwamba ndiyo saa ya kumnyonyesha mtoto, haimo mikononi mwake. Imo mikononi mwa hospitali. Kama kuna hotuba inayopaswa kutolewa mwezi Agosti, basi wa kwanza kuisikiliza wawe ni wale wanaoziongoza wodi za wazazi.

KAWAIDA NI KAMA SHERIA

Ieleweke tangu mwanzo kwamba wauguzi na wakunga hawashutumiwi kwa uvivu wala kwa roho mbaya. Wako wakunga wengi nchini wanaopokea watoto usiku kucha, wawili kwa zamu, wakihudumia wanawake ambao idadi yao imepita vitanda vilivyopo. Taifa lina deni kwa watumishi hao. Ubaya haumo katika nia zao bali umo katika mazoea ya kazi, na wahenga walikwisha kusema kwamba kawaida ni kama sheria.

Mazoea hayo yanajulikana. Mtoto huzaliwa, kitovu hukatwa, mama huonyeshwa mtoto wake kwa nukta chache ili aone ni wa kike au wa kiume, kisha mtoto huchukuliwa. Hupimwa uzito, hufungwa utepe wa jina, huvikwa nguo, huviringishwa katika khanga mbili tatu na kulazwa juu ya meza au katika kitanda kidogo pembeni. Mama naye humalizia shughuli zake: kusafishwa, kushonwa, kuoga, kubadili nguo, kunywa uji na kusubiri kitanda cha wodini kipatikane. Mtoto aliyekuwa macho kabisa alipozaliwa, akifungua kinywa na kutafuta titi, hulia mpaka akachoka akalala. Anapoletwa kwa mama yake, saa mbili au tatu zimekwisha kupita, naye ni mzito wa usingizi na hataki kunyonya. Hapo ndipo hujitokeza sauti ya kusema kwamba mama huyu hana maziwa. Mlangoni yupo bibi wa mtoto na chupa ya maji yaliyotiwa sukari, na nia yake ni njema kabisa.

Katika mlolongo huo wote hakuna hata mtu mmoja aliyekusudia kumdhuru mtoto. Kila mmoja ametimiza kazi yake kama alivyofundishwa au kama alivyowakuta wenzake wakifanya. Lakini mwisho wa yote mtoto amenyimwa haki yake ya kwanza, na mama amekwisha kutiwa shaka moyoni kuhusu uwezo wake kabla ya kuanza. Miezi mitatu baadaye, atakapofika kliniki na kusema kwamba anampa mtoto uji au maziwa ya kopo kwa sababu maziwa yake hayatoshi, atakemewa mbele ya wenzake. Hakuna atakayeuliza shaka ile ilipandwa wapi.

THAMANI YA DANG'A

Yafaa kukumbusha kwa nini saa hiyo ina uzito kiasi hiki. Maziwa ya kwanza ya mama, ambayo wazee waliyaita dang'a, ni machache, mazito na ya rangi ya manjano. Kwa sababu ya rangi hiyo, katika sehemu mbalimbali yalidhaniwa kuwa machafu au yaliyoharibika, yakakamuliwa na kumwagwa. Sayansi imethibitisha kinyume chake. Dang'a imejaa kingamwili ambazo mama amezijenga kutokana na maradhi ya mazingira yale yale atakamokulia mtoto. Huutandaza mfumo wa chakula wa mtoto kwa kinga, na humsaidia kutoa kinyesi cheusi cha kwanza. Uchache wake si upungufu, kwa maana tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo mno na hutosheka na kiasi cha kijiko kidogo cha chai kwa mara moja.

Aidha, mtoto anaponyonya humsaidia mama. Kunyonya huuchochea mwili wa mama kutoa homoni ya oksitosini, ambayo hulisukuma maziwa kutoka na wakati huo huo hulibana tumbo la uzazi, na hivyo kusaidia kupunguza utokaji wa damu. Homoni nyingine, prolaktini, huuamrisha mwili utengeneze maziwa zaidi. Maziwa basi si akiba iliyowekwa ghalani ikisubiri kutumiwa. Ni mazao yanayoongezeka kadiri yanavyochumwa. Mtoto anaponyonya mapema na mara kwa mara, maziwa huongezeka. Anapotenganishwa na mama yake na kupewa kitu kingine, maziwa hupungua, na yule aliyesema kwamba mama hana maziwa huonekana kana kwamba alikuwa na haki.

Tena upo ushahidi wa vifo. Huko Kintampo, nchini Ghana, watafiti walifuatilia karibu watoto 11,000 waliozaliwa kati ya mwaka 2003 na 2004. Walipotoa matokeo yao mwaka 2006 walikadiria kwamba kama watoto wote wangeanza kunyonya ndani ya siku ya kwanza, asilimia 16 ya vifo vya watoto wachanga ingeepukwa, na kama wote wangeanza ndani ya saa ya kwanza, asilimia 22 ingeepukwa. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi uliojumuisha karibu watoto 100,000 wa Ghana, India na Tanzania yenyewe. Watoto walioanza kunyonya kati ya saa ya pili na ya ishirini na tatu walikuwa katika hatari ya kufa kabla ya kutimiza siku 28 iliyozidi kwa asilimia 41 hatari ya wenzao walioanza ndani ya saa ya kwanza. Kwa waliochelewa siku moja au zaidi, hatari hiyo ilizidi kwa asilimia 79.

Dawa ambayo ingepunguza vifo kwa kiasi hicho ingetafutiwa fedha za kigeni na kupokewa uwanja wa ndege kwa sherehe. Lakini hii haipiti bandarini wala haihitaji jokofu. Kila mwanamke huja nayo hospitali kifuani mwake. Kinachohitajika ni hospitali isisimame katikati ya mtoto na mama yake.

HESABU INAVYOSEMA

Wapo watakaosema kwamba tatizo hili ni la wale wanaojifungulia nyumbani, mbali na wataalamu. Hesabu haikubaliani nao. Kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, takriban watoto 81 katika kila 100 nchini walizaliwa katika vituo vya huduma za afya. Katika utafiti huo huo, watoto walioanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza walikuwa takriban 70 katika kila 100. Hata ikichukuliwa kwamba kila mtoto aliyezaliwa nyumbani alicheleweshwa, jambo ambalo si kweli, bado wangebaki watoto wapatao 11 katika kila 100 waliocheleweshwa wakiwa ndani ya jengo la afya, mbele ya mtaalamu. Idadi halisi haina budi kuwa kubwa zaidi ya hiyo.

Mgala muue na haki yake mpe. Takwimu hizo hizo zinaonyesha maendeleo makubwa. Katika utafiti wa mwaka 2015 hadi 2016, waliozaliwa katika vituo vya afya walikuwa 63 katika kila 100, na walionyonyeshwa ndani ya saa ya kwanza walikuwa 51 tu. Serikali imejenga na kukarabati vituo vya afya vijijini, na huduma ya upasuaji imewakaribia wanawake ambao zamani walisafirishwa kwa baiskeli na machela. Lakini ushindi huo umeleta wajibu mpya. Zamani mwananchi aliambiwa aache kujifungulia nyumbani aje hospitali, naye amekuja. Maadam ameitikia wito, hospitali haiwezi tena kumtupia lawama bibi wa kijijini kwa jambo linalotendeka chini ya paa lake yenyewe.

MFANO WA BAGUIO

Si lazima ushahidi wa kwamba mambo yanaweza kubadilika utafutwe katika nchi tajiri. Katika miaka ya 1970, katika Hospitali Kuu ya Baguio, mji wa milimani kaskazini mwa Ufilipino, watoto wachanga walikuwa wakitengwa na mama zao na kuwekwa katika chumba maalumu, wakilishwa maziwa ya kopo kwa chupa. Mawakala wa makampuni ya maziwa waliingia na kutoka wodini, na kuta zilipambwa kwa picha zao. Daktari wa watoto, Natividad Relucio-Clavano, alipoona jinsi watoto walivyokuwa wakiugua kuhara na maambukizo mengine, alichukua hatua mwaka 1975. Alikifunga chumba kile, akawarudisha watoto vitandani kwa mama zao, akaondoa chupa na picha, na akawafungia mlango mawakala.

Hakujenga wodi mpya wala hakuagiza mitambo. Kisha alilinganisha kumbukumbu za watoto wapatao 10,000 waliozaliwa hospitalini hapo kati ya mwaka 1973 na 1977, kabla na baada ya mabadiliko. Magonjwa ya kuhara na vifo vya watoto wachanga vilikuwa vimepungua kwa kiasi kikubwa mno. Wagonjwa na wafa walikuwa wengi zaidi miongoni mwa watoto wa chupa. Mwaka 1986 Ufilipino ilitunga sheria ya kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala, na mwaka 1992 ikatunga nyingine ya kuzitaka hospitali zimweke mtoto pamoja na mama yake.

Fundisho la Baguio ni kwamba aliyebadilika hakuwa mama. Wanawake walikuwa wale wale, umaskini wao ule ule, na maji ya mji yale yale. Kilichobadilika ni utaratibu wa hospitali, na wanawake wakanyonyesha.

HATUA ZISIZO NA GHARAMA

Dunia nayo ilijifunza. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, yalitoa hatua kumi za kufuatwa na kila hospitali inayozalisha, na mwaka 1991 ukaanzishwa mpango wa hospitali rafiki wa mtoto. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouitikia. Hatua hizo zilipitiwa upya mwaka 2018, lakini kiini chake hakikubadilika: watumishi wote wafundishwe, mama aelezwe tangu akiwa mjamzito, mtoto awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu azaliwapo, mama asaidiwe kumpakata na kumweka vizuri kwenye titi, mtoto asipewe maji wala maziwa mengine bila sababu ya kitabibu, wakae pamoja usiku na mchana, mtoto anyonye kila anapotaka, mama aelezwe madhara ya chupa na chuchu bandia, na anaporuhusiwa kwenda nyumbani ajue atamwona nani akipata shida.

Lakini cheti kilichotundikwa ukutani hakimnyonyeshi mtoto. Cheti huchakaa, watumishi waliofundishwa huhamishwa na kustaafu, na wapya huja bila kufundishwa. Kazi hii haina budi kufanywa upya kwa kila kizazi cha wauguzi, kuanzia vyuoni.

Pingamizi la kwanza husikika papo hapo, nalo ni uhaba wa watumishi. Ni pingamizi la haki, na halipaswi kupuuzwa. Hata hivyo kuna kazi mbili zisizopaswa kuchanganywa. Kumfuta mtoto, kumlaza kifuani kwa mama yake na kuwafunika wote wawili kwa khanga moja hakuhitaji mtumishi wa ziada. Kunaokoa muda, kwa maana kifua cha mama humpa mtoto joto, na mkunga huendelea kumhudumia mama akiwa anawaona wote wawili kwa pamoja. Uzito wa mtoto hautabadilika kwa kusubiri saa moja, na nguo zake hazitakimbia. Jambo hili linaweza kuanza leo kwa amri ya mkuu wa wodi.

Kazi ya pili ni kumsaidia mama. Mwanamke anayejifungua kwa mara ya kwanza, ambaye chuchu zake zinauma au mtoto wake hashiki titi sawasawa, anahitaji mtu wa kukaa naye kwa utulivu, amwonyeshe jinsi kinywa cha mtoto kinavyopaswa kufunguka na kuchukua sehemu kubwa ya titi badala ya ncha ya chuchu. Hilo huchukua dakika ishirini au thelathini, pengine mara kadhaa kwa siku. Hilo haliwezi kufanywa na mkunga anayewakimbilia wanawake sita kwa wakati mmoja. Hapa pingamizi linasimama, na jibu lake si kumgombeza mkunga. Jibu ni kuajiri. Halmashauri zinapopanga ikama za watumishi, dakika hizo thelathini hazina budi kuhesabiwa kuwa ni tiba, sawa na dakika za kutundika dripu.

Pingamizi la pili linahusu waliojifungua kwa upasuaji na waliozaa watoto njiti. Mama aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni yu macho, na mtoto wake aweza kuwekwa kifuani pake wakati madaktari wanamaliza kushona. Aliyelazwa usingizi aweza kumpokea mtoto mara azindukapo, iwapo yupo wa kumsaidia. Na mtoto njiti ndiye hasa anayehitaji maziwa ya mama. Asipoweza kunyonya, maziwa hukamuliwa kwa mkono, naye hunyweshwa kwa kikombe au kwa mpira. Njia ya kumbeba mtoto njiti kifuani ilianza Bogotá, nchini Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali iliyokuwa na upungufu wa vitanda vya kuwatunzia watoto hao. Umaskini ulipokutana na akili, ilizaliwa huduma inayotumika leo hata katika nchi tajiri.

La tatu ni hofu ya virusi vya UKIMWI. Ilikuwako miaka ambayo wanawake wenye virusi walishauriwa watumie maziwa mbadala, na mashaka hayo yakaenea hata kwa wasio navyo. Nchini Botswana, ambako Serikali ilitoa maziwa ya kopo bure kwa nia njema, mvua kubwa za mwanzoni mwa mwaka 2006 zilifuatwa na mlipuko wa kuhara, na miongoni mwa watoto waliokufa wasionyonya walikuwa wengi kupita kiasi. Leo dawa za kufubaza virusi zimebadili hali. Mama mwenye virusi anayezitumia ipasavyo hushauriwa kumnyonyesha mtoto wake bila kumchanganyia kitu kwa miezi sita, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine. Kila muuguzi anapaswa kulijua hilo kwa uhakika, kwani jibu la kusitasita wodini hugeuka uvumi mtaani.

UNYONYAJI WA HALALI NA WA HARAMU

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Mtoto hunyonya, na bepari hunyonya. Unyonyaji wa kwanza humjenga mtu, wa pili humdhoofisha. Na katika suala hili mmoja hujaribu kuchukua nafasi ya mwingine. Kadiri mtoto anavyoondolewa kwenye titi la mama yake, ndivyo mfuko wa mama huyo unavyopata mnyonyaji mwingine.

Historia yake inajulikana. Mwaka 1974 shirika la hisani la Uingereza liitwalo War on Want lilichapisha kijitabu kilichofichua jinsi makampuni yalivyokuwa yakiyasukuma maziwa ya unga kwa wanawake maskini wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, wanawake wasio na maji safi, kuni za kutosha wala fedha za kununua kopo la pili. Mbinu mojawapo ilikuwa ni kuingia hospitali, wakati mwingine kwa kutumia wanawake waliovaa mavazi kama ya wauguzi, na kugawa makopo ya bure. Kopo la bure lilikwisha baada ya maziwa ya mama kukauka. Tangu hapo kila kopo lilikuwa la kununua, na mama alilizimua kwa maji ili lidumu. Mwaka 1977 wananchi wa Marekani walianza kususia bidhaa za kampuni ya Nestlé ya Uswisi. Mwezi Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala. Nchi 118 ziliunga mkono. Iliyopinga ilikuwa moja tu, Marekani.

Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, zikafanyiwa marekebisho mwaka 2013. Lakini kanuni hailindi mlango wenyewe. Makopo ya bure yanapokatazwa huja kalenda, kalamu, mikoba ya semina, na siku hizi matangazo katika simu ya mkononi ya mama mjamzito. Mganga mkuu anayepokea saa ya ukutani yenye jina la kampuni ya maziwa, akaitundika juu ya mlango wa wodi ya wazazi, amempa mfanyabiashara nafasi ambayo hata Chama hakijaiomba. Wodi ya wazazi isiwe soko.

KAZI YA JAMII

Hospitali humwachia mama baada ya siku moja au mbili, wakati mwingine baada ya saa chache. Nyumbani ndiko wanakomsubiri mama mkwe, wifi na jirani, kila mmoja na dawa yake ya mchango na maji yake ya sukari. Si haki kuwafanya wazee hao maadui. Wao ndio wanaompikia mzazi uji, wanaomkanda na kumpokea mtoto ili mama apate usingizi. Hospitali yenye busara humwita bibi aliyesimama mlangoni, humkalisha kitandani kwa mkwewe, humweleza kuhusu dang'a na kumkabidhi kazi ya kulinda titi la mjukuu wake. Bibi aliyeshirikishwa ni mlinzi bora kuliko tangazo lolote la ukutani.

Taifa hili lina uzoefu wa kuelimishana. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na ile ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 ziliwakusanya wananchi kuzunguka redio vijijini, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakashika majembe. Matawi ya Umoja wa Wanawake na mashina ya Chama yanaweza kuibeba kazi hii pamoja na wahudumu wa afya ya jamii, ili mama anayetoka wodini akute mtaani neno lile lile aliloliacha kwa mkunga. Wanaume nao wasijifiche nyuma ya kauli kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Mume anayeteka maji na kuosha vyombo wiki mbili za kwanza amechangia kila tone la maziwa anayonyonya mwanawe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Na anaporudi kazini ana haki ya muda usiozidi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Lakini mama lishe, mkulima na mfanyakazi wa nyumbani, walio wengi, hawana mwajiri wa kuwapa siku hata moja. Kwa mwanamke huyo, msaada pekee wa uhakika atakaoupata kutoka kwa taifa ni ule wa saa chache alizokaa wodini. Zikipotea, hakuna ofisi ya kwenda kuzidai.

DAFTARI LISEME

Lifanyike nini basi? Kwanza, katika kila wodi ya wazazi, pamoja na uzito na jinsi ya mtoto, iandikwe saa aliyozaliwa na saa aliyonyonya kwa mara ya kwanza, na kama amechelewa, iandikwe sababu. Pili, takwimu hizo zisiishie kabatini. Zisomwe katika vikao vya afya vya halmashauri, na diwani awe na haki ya kumuuliza mganga mkuu wa wilaya kwa nini kituo fulani kimewachelewesha watoto 40 mwezi uliopita. Tatu, mkunga anayefanya vizuri apongezwe hadharani, na wodi inayofanya vibaya isaidiwe kabla ya kuadhibiwa. Nne, kanuni za mwaka 2013 zitekelezwe kuanzia mlangoni mwa hospitali za umma na za binafsi bila ubaguzi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri mkopo wala mtaalamu kutoka nje. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba maendeleo hayaanzi na fedha, bali na watu na juhudi zao. Hakuna pahala ambapo fundisho hilo ni la kweli zaidi kuliko kifuani mwa mama aliyetoka kujifungua.

Mtoto anayezaliwa usiku huu Namtumbo, Kasulu au Mkuranga hawezi kuandika barua kwa mhariri wala kusimama katika mkutano wa hadhara. Analo dai moja tu, naye hulitoa kwa kulia. Mama yake analisikia, lakini yuko kitandani na mtoto yuko mezani. Aliyesimama katikati yao ni mtumishi wa umma, na hatua zilizopo kati ya meza na kitanda hazizidi tano. Azitembee sasa, kabla saa haijaisha.